Wimbo wa Mfongo na Diski Isiyoonekana

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Dainess alikata majani ya ng'ombe kwenye kingo za kihamba chao, shamba la migomba na kahawa lililoizunguka nyumba. Aliyabeba hadi zizini, akafagia mbele ya hori, kisha akanawa miguu na kuvaa sare. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita katika kijiji kimoja cha Old Moshi, na aliishi na mama yake, Grace, pamoja na babu yake, Elimringi. Babu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Viatu vyake viling'aa hata wakati wa matope, na alipoahidi jambo, kijiji kizima kilijua kwamba jambo hilo limekwisha kufanyika.

Mwaka huo babu alikuwa ameahidi jambo kubwa. Mfongo wa kijiji, yaani mfereji wa asili ulioleta maji kutoka mtoni hadi vihambani, ulikuwa umebomolewa na maporomoko ya udongo miaka mingi iliyopita. Wanakijiji waliujenga upya kwa msaragambo, kila nyumba ikimtoa mtu mmoja mwenye jembe au sururu. Maji yangefunguliwa siku ya Jumamosi. Mwalimu Elimringi aliwaahidi wazee kwamba siku hiyo watoto watatembea mbele ya maji wakiimba wimbo wa Kichagga ambao mababu waliuimba walipokuwa wakiuchimba mfongo huo.

Wimbo huo ulikuwa na beti nyingi, na aliyezijua zote alikuwa mtu mmoja tu, Bibi Ruth. Bibi Ruth alifariki dunia baada ya Pasaka. Hata hivyo, babu alikuwa amemrekodi akiimba, akaihifadhi sauti yake katika kompyuta iliyokuwa sebuleni, pamoja na sauti za wazee wengine ambao nao walikuwa wamekwisha kuzikwa. Watoto wa kwaya walijua beti mbili za mwanzo. Zilizobaki wangefundishwa juma hilo.

Jumatatu alasiri watoto walikusanyika barazani. Umeme ulikuwa umerudi siku hiyo baada ya kukosekana tangu Jumamosi, kwa sababu mti ulianguka juu ya nyaya. Babu alibonyeza swichi ya kompyuta. Kioo kiliwaka, kikaonyesha maandishi meupe juu ya weusi, kisha kikabaki hivyo hivyo.

"Mwalimu, labda imeshiba, inapumzika," alisema Rodrick, mpiga ngoma wa kwaya.

Watoto wakacheka. Babu akageuka, akamtazama Rodrick juu ya miwani yake, na kicheko kikakatika ghafla kama kilivyoanza.

Jioni ile Godwin, kaka yake Dainess, alifika kutoka mjini Moshi alikokuwa akisoma katika chuo cha ufundi. Aliposikia habari hiyo alikunja mikono ya shati.

"Usiwe na wasiwasi, babu. Tunayo sidii ya kurejesha. Tuliitengeneza siku ile ile tuliponunua kompyuta hii. Kazi yake ni kuiponya mashine ikigoma kuwaka."

Aliitia sidii, akawasha. Sidii ilizunguka ikinguruma, lakini mwishowe maandishi yalisema kwamba hakuna diski kuu iliyopatikana. Diski kuu ndiyo sanduku dogo ndani ya kompyuta linalohifadhi kila kitu. Godwin alichomoa waya ukutani, akafungua ubavu wa mashine, akakaza kebo za diski, akapuliza vumbi, akafunga na kuwasha tena. Hakuna diski kuu. Alibadilisha kebo. Hakuna diski kuu. Alitia nakala ya pili ya sidii ile, ambayo haikuwa na mkwaruzo hata mmoja, na jibu likawa lile lile.

Godwin alijifuta jasho. "Babu, sidii ni nzima. Diski ndiyo imekufa. Kesho nitatafuta diski mpya, tuanze upya."

"Na sauti ya Bibi Ruth?" babu aliuliza.

Godwin alitazama chini. "Imekwenda nayo, babu."

Babu aliketi kwenye kiti chake, akavua miwani, akaifuta kwa leso muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa. Dainess, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai ya babu mkononi, alikiweka kikombe mezani haraka, akatoka nje.

Kulikuwa na jambo ambalo Dainess peke yake alilijua. Siku ya mkesha wa Krismasi, watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wakijiandaa kuigiza kuzaliwa kwa Yesu, na yeye ndiye aliyepewa kuibeba nyota iliyowaka kwa betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu. Alipoijaribu nyumbani, nyota ilififia. Maduka ya kijijini hayakuwa na betri ya aina ile. Ndipo alipokumbuka kwamba, Godwin aliposafisha vumbi ndani ya kompyuta, yeye aliwahi kuona betri ya namna hiyo hiyo kwenye bodi yake. Alifungua mashine, akaitoa, na ili mtu asigundue, akaipachika ile dhaifu mahali pake. Usiku ule nyota iling'aa hadi kwenye dari la kanisa na watu wote wakamsifu. Kompyuta nayo iliendelea kufanya kazi, hata umeme ulipokatika kwa saa moja au mbili. Dainess akajiambia kwamba kosa lisiloonekana si kosa.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kukata majani kama kawaida. Alipofika kwenye mpaka wa kihamba, ulipo mstari wa masale, alisimama. Isale ni mmea wa majani marefu ambao Wachagga huupanda mipakani. Mtu aliyemkosea mwenzake akimpelekea jani lake, maana yake ni kwamba anakiri kosa na anaomba radhi, na aliyekosewa hapaswi kulikataa. Dainess alikuwa amewaona watu wazima wakilibeba jani hilo walipogombana. Hakuwahi kumwona mtoto akilibeba. Alilitazama kwa muda, kisha akalikata jani moja kwa panga lake.

Babu alikuwa kibarazani akinywa uji, na Godwin alikuwa akifunga begi lake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hilo jani ni la nani?"

"Ni langu, babu. Nimekuletea wewe." Alilishika kwa mikono miwili. "Mimi niliiba betri ya kompyuta. Wakati wa Krismasi. Niliitia kwenye nyota, nikarudishia mbovu."

Godwin aliliacha begi.

"Ile betri ndogo? Lo, Dainess! Ile ni ya kutunzia saa tu. Haiwezi kuua diski. Jana saa ilikuwa imepotea, nikadhani ni sababu ya umeme kukatika."

"Godwin," babu alisema, "jana uliijua habari hii ya betri?"

"Hapana, babu."

"Basi jana ulimtibu mgonjwa kabla ya kumuuliza anaumwa nini." Babu alimgeukia Dainess. Alilipokea jani, akaliweka juu ya magoti yake. "Kwa desturi yetu sina ruhusa ya kulikataa jani hili, na hata ningekuwa nayo nisingelikataa. Nimekusamehe. Lakini msamaha hautengenezi kompyuta. Leo nitamwomba mwalimu wako ruhusa. Utakwenda mjini na kaka yako kwa fundi, na haya uliyoniambia mimi utamwambia yeye, bila kupunguza na bila kuongeza. Umenisikia?"

"Nimekusikia, babu."

"Nyanyua kichwa. Mtu anayesema kweli hatazami chini."

Waliteremka mjini ndani ya pikapu ya jirani yao, Mzee Kastori, iliyobeba mikungu ya ndizi za kupeleka sokoni. Dainess aliipakata kompyuta iliyoviringishwa blanketi ili isitikisike.

"Mgonjwa gani huyo mnayempeleka Mawenzi, amefunikwa hivyo mpaka kichwani?" Mzee Kastori aliuliza.

"Si mgonjwa wa hospitali, mzee. Ni kompyuta ya babu."

"Ahaa! Basi mwambie daktari ampe kitanda cha dirishani, apate hewa ya mlimani."

Kwa mara ya kwanza tangu jana yake, Dainess alicheka.

Karakana ya fundi Mektrida ilikuwa katika mtaa wa Pasua, kati ya kibanda cha fundi cherehani na genge la nyanya. Mektrida alikuwa msichana mrefu mwenye bisibisi mfukoni, aliyewahi kumfundisha Godwin kazi wakati wa likizo. Hakuigusa mashine. Alivuta kigoda, akaketi.

"Kwanza nielezeni. Ilikuwaje?"

Godwin alieleza habari ya sidii, kebo, na diski isiyoonekana. Mektrida alisikiliza akitikisa kichwa taratibu. Kisha Godwin akamsogeza dada yake mbele. Dainess alinyanyua kichwa, akasema yote: nyota, betri dhaifu, na sababu ya kuificha.

Mektrida aliinuka kwenye kigoda. "Ngoja kwanza. Ulipoitoa betri, ulichomoa waya ukutani?"

"Sikuchomoa, dada."

"Mtoto wewe! Ungeweza kupigwa na umeme, na leo tusingekuwa tunazungumza habari ya nyimbo. Usirudie tena. Usifungue chombo chochote kikiwa kwenye umeme, hata kama kimezimwa. Umesikia?"

"Nimesikia, dada. Sitarudia."

"Sasa nijibu jingine. Baada ya siku zile mbili bila umeme, tarehe kwenye kioo ilisomekaje?"

Dainess alifikiri. "Ilikuwa ya zamani sana. Mwaka ambao mimi sijazaliwa."

Mektrida alipiga makofi mara moja kwa nguvu, hata fundi cherehani akachungulia. "Umenipunguzia kazi ya kutwa nzima! Tazameni. Umeme unapokuwa ukutani, kompyuta inakumbuka mipangilio yake. Umeme ukikatika, betri hii ndogo ndiyo inayoitunzia kumbukumbu. Hiyo dhaifu ilimudu saa moja au mbili, lakini siku mbili iliishiwa. Kompyuta ikasahau kila kitu, ikarudi kwenye mipangilio iliyotoka nayo kiwandani. Mmojawapo wa mipangilio hiyo ni namna ya kuzungumza na diski kuu. Kwa hiyo diski ni nzima, na sidii ni nzima, ila mmoja anasema Kirombo na mwingine anajua Kimachame tu. Watasikilizana?"

"Hawatasikilizana," Godwin alijibu huku akicheka.

Dainess hakucheka. Alikuwa akiwaza. "Dada, basi ni kama mfongo. Maji yasipofika kihambani hatulaumu migomba. Tunapanda na mfereji mpaka kwenye banio, kule maji yanakoingilia, tuone ni nini kimebadilika."

"Na mimi tangu jana nimeshinda ninaulaumu mgomba," Godwin alisema.

Mektrida alichomoa waya kwanza, akahakikisha ndugu wote wawili wameona, kisha akaitoa betri dhaifu na kutia mpya. Aliunganisha kila kitu upya, akamwita Dainess aketi mbele ya kioo.

"Aliyelisema kosa ndiye atakayelirekebisha. Bonyeza kitufe hiki inapowaka. Vizuri. Huo ni ukurasa wa mipangilio. Shuka taratibu, unisomee kila mstari."

Dainess alisoma Kiingereza kile neno kwa neno, kama babu alivyomfundisha kusoma, bila kurukaruka. Alipofika kwenye mstari uliohusu diski, Mektrida alisema, "Simama hapo. Umewekwa kwenye njia ya pekee ambayo sidii yenu haikufundishwa. Chagua ile ya kawaida. Sasa hifadhi."

Kompyuta ilizima na kuwaka. Sidii ilizunguka. Kwa muda kioo kilibaki cheusi. Kisha maandishi yakatokea: diski kuu moja imepatikana.

"Imeonekana!" Godwin alipaza sauti na kumkumbatia dada yake. Alipomwachia, mkono wake ulikwisha kufika kwenye kibodi. "Sasa tubonyeze 'rejesha', tumalize, turudi nyumbani."

"Kaka, subiri!"

Dainess aliushika mkono wa kaka yake kwa mikono yote miwili. Chini ya neno lile kulikuwa na mstari wa maandishi madogo, na alikuwa ameshausoma.

"Hapa panasema vyote vilivyomo kwenye diski vitafutwa, na itarudi kama ilivyokuwa siku sidii ilipotengenezwa. Sidii si mliitengeneza siku ile ile mliponunua kompyuta? Bibi Ruth alikuja kuimba lini?"

Godwin aliuondoa mkono kwenye kibodi kama aliyegusa jiko. "Baada ya hapo. Muda mrefu baada ya hapo."

"Basi ungeturudisha siku ambayo Bibi Ruth hayumo."

Mektrida aliwatazama wote wawili, akatikisa kichwa. "Jana sidii hii ingeiona diski, Godwin, saa hii tungekuwa tunalia. Kutoiona ndiko kulikowaokoa. Itoe, Dainess. Mashine ambayo diski yake inaonekana haina haja ya kurejeshwa. Iwashe yenyewe."

Aliitoa sidii. Kompyuta iliwaka, ikapita maandishi yote, ikafunguka kama siku zote, na folda ya nyimbo ilikuwa mahali pake. Dainess alibofya.

Sauti ya Bibi Ruth ilijaa karakana. Ilikuwa sauti ya kizee, yenye mkwaruzo kidogo, lakini imara kama nguzo ya nyumba. *Njoo maji, shuka polepole, usiyakimbilie mabonde. Nyumbani kuna wenye kiu.* Ndivyo maneno yale ya Kichagga yalivyosema. Cherehani ya jirani ilinyamaza. Mama muuza nyanya alisogea mlangoni akiwa na kisu mkononi, akasimama, akaanza kutikisa kichwa kwa mapigo.

"Huyo nani anayeimba hivyo?" aliuliza.

"Ni bibi wa kijijini kwetu," Dainess alijibu. "Anatufundisha."

Kabla hawajaondoka, Mektrida aliwatolea nakala za nyimbo zote kwenye flashi mbili, akawaagiza wasiziweke nyumba moja.

Jioni hiyo babu alisikiliza wimbo wote akiwa amesimama, mikono nyuma. Ulipokwisha alisema maneno mawili tu: "Waite wenzako." Watoto walipofika barazani, Dainess aliwaeleza mwenyewe kwa nini siku ya mazoezi ilipotea. Rodrick alifungua mdomo aseme utani, akaufunga, kisha akasema, "Basi tuanze, muda ni mdogo." Tangu siku hiyo hadi Ijumaa, beti za Bibi Ruth zilisikika zizini, njiani kwenda shule na chini ya migomba.

Jumamosi asubuhi kijiji kizima kilipanda hadi kwenye banio. Mzee Ebenezeri, mwenyekiti wa mfongo, aliomba, kisha akang'oa ubao uliozuia maji. Maji yaliruka, yakasita kidogo kana kwamba yanaitafuta njia, yakaanza kushuka. Mbele yake walitembea watoto wa kwaya, na mbele ya kwaya alitembea Dainess, kwa amri ya babu. Waliimba ubeti wa kwanza na wa pili, kisha wakaingia katika beti ambazo vijana wengi hawakuwahi kuzisikia. Wazee waliokuwa wamesimama kwenye kingo walishtuka, wakatazamana, kisha mmoja baada ya mwingine wakaanza kuitikia. Maji yalipoingia katika kihamba cha kwanza, akina mama walipiga vigelegele hadi vijiji jirani vikasikia.

Wimbo ulipokwisha, Mwalimu Elimringi alisimama juu ya ukingo wa mfongo, viatu vyake vikiwa na matope hadi vifundoni, naye hakujali.

"Watoto wangu," alisema, "mmeimba vizuri, na wazee wenu wamefurahi. Sasa nisikilizeni. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Juma hili tulikuwa na sidii nzima, diski nzima, na kijana mwenye elimu nzuri, na bado tulishindwa, kwa sababu kitu kimoja kilikuwa kimefichwa. Hakuna fundi wa kompyuta, wala daktari, wala mwalimu anayeweza kutengeneza asichoambiwa. Dainess alikosea, na kosa lake lilikuwa kubwa. Lakini alilitaja mwenyewe, kabla mtu yeyote hajamshuku, na alipolitaja alilitaja lote. Kisha alisoma mpaka mstari wa mwisho wakati wengine walikuwa na haraka ya kushangilia. Mtoto wa namna hiyo nitamkabidhi nyumba yangu, na kompyuta yangu pia."

Watu walicheka na kupiga makofi. Babu aliinua mkono wakanyamaza.

"Ukiharibu kitu, usingoje kiharibike zaidi ndipo useme. Sema siku hiyo hiyo. Ukweli unaosemwa mapema ni kama maji haya: unafika kila nyumba ukiwa safi. Na sasa, kwaya, kuna vihamba vingi bado havijapata maji. Endeleeni kutembea, na mwimbe beti zote."